Kilichozibwa Hakijashikwa

“Kioo ni kioo tu, bosi. Nusu saa unaondoka.”

Maneno haya nimeyasikia Gerezani hapa Dar es Salaam, nimeyasikia Ilala, nimeyasikia pembeni mwa Barabara ya Morogoro mahali vioo vimeegemezwa ukutani kama mikeka ya kuuza. Wala si mafundi peke yao wanaoyasema. Sisi wenye magari ndio tunaoyasema kwa nguvu zaidi. Mtu akirushiwa kokoto na lori, kioo cha mbele kikapasuka, ushauri atakaoupata kazini, mtaani na kwenye kundi la familia ni mmoja: tafuta kioo cha bei poa, mtafute kijana mwenye mkono mwepesi, akibandike, maisha yaendelee. Akiuliza kitabandikwa kwa gundi gani, ataonekana ana makuu. Akiuliza asubiri saa ngapi kabla ya kuwasha gari, ataambiwa hayo ni maneno ya gereji kubwa zinazotaka kumkamua.

Nayapinga maneno haya, kuanzia “kioo ni kioo tu” mpaka “nusu saa unaondoka”. Nayapinga kwa sababu niliwahi kuyaamini, nikayalipia, na wanangu wakapandishwa kwa zaidi ya mwaka mzima katika gari ambalo kioo chake cha mbele kilikuwa kimekaa tu mahali pake, hakijashikwa na chochote.

Ilikuwa kokoto ya kawaida, kati ya Chalinze na Segera, tukipishana na lori kwenye kipande cha barabara kilichokuwa kinatengenezwa. Kikatokea kidoa kidogo upande wa abiria. Siku ya tatu kidoa kikaota miguu, na kabla ya wiki kwisha ufa ulikuwa umekata kioo upande hadi upande. Niliporudi Dar es Salaam nikaenda kwa fundi niliyeelekezwa na jirani. Kijana alikuwa hodari, sitaki kumvunjia heshima. Alichomeka bisibisi chini ya mpira wa pembeni akaung'oa kwa mkupuo mmoja, akapitisha waya kuzunguka, kioo cha zamani kikatoka. Akazungushia gundi nyeupe, kioo kipya kikakaa, mpira ukarudishwa kwa kugongwa na kiganja. Dakika arobaini. Nikampa na ya soda. Gari likanuka siki kwa siku mbili, nikadhani ndivyo kioo kipya kinavyonuka.

Masika yalipoingia, zulia la upande wa abiria likaanza kulowa. Nikanunua silikoni kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikapaka mwenyewe kwa juu. Maji yakahama, yakatokea upande wa dereva. Redio ikaanza kujizima. Fundi umeme akafungua chini ya dashibodi akakuta boksi la fyuzi limeota kutu ya kijani, akaniambia mimi sina tatizo la umeme, nina tatizo la kioo, akanipeleka kwa mzee mmoja mwenye kibanda chini ya mwembe.

Mzee hakuchukua waya. Aliingia ndani, akakaa kiti cha abiria, akaweka viganja viwili kwenye kona ya juu ya kioo, akasukuma. Kona ikafunguka. Hakutumia nguvu, maana nilikuwa namtazama na mabega yake hayakupanda. Mwanga ukapenya kati ya kioo na bodi, pengo la kupitisha kidole. Alipokwisha kukitoa chote, alishika ncha ya ile gundi nyeupe akaivuta, nayo ikabanduka kwenye chuma kama ganda la chungwa linalomenywa na mtu mwenye subira: utepe mmoja mrefu kupita mkono wangu, upande wa chini laini, unang'aa, haukubeba hata chembe ya rangi ya gari. Mahali utepe ulipolala, chuma kilikuwa kimevimba kwa kutu. Aliparua kwa ukucha, ikadondoka kwenye dashibodi kama makombo ya mkate mkavu.

“Mwanangu,” akaniambia, “hiki kioo hakikushikwa. Kilizibwa.”

Hoja yangu yote imo katika maneno hayo ya mzee. Kuziba ni kuzuia maji yasiingie. Kushika ni kuzuia kioo kisitoke. Ni kazi mbili tofauti, zina gundi mbili tofauti na muda wa kusubiri tofauti, na sisi tumezifanya moja kwa kuwa kwa macho zinafanana. Kioo kilichozibwa na kioo kilichoshikwa, ukiviangalia vimetulia kwenye maegesho, huwezi kuvitofautisha.

Nataka niwatendee haki wanaosema nusu saa inatosha, kwa sababu waliowafundisha walisema kweli. Kumbuka Peugeot 504, kumbuka malori ya Bedford, kumbuka Volkswagen za mgongo wa kobe. Kioo cha magari yale kilikaa ndani ya mpira mnene wenye mifereji miwili, mmoja wa kumeza ukingo wa kioo na mwingine wa kumeza ukingo wa bati. Fundi aliuvisha mpira kwenye kioo kwanza, akalaza kamba nyembamba ndani ya mfereji wa nje kuzunguka kote, akapaka maji ya sabuni, kisha mmoja akasimama nje akikandamiza kwa viganja na mwingine akakaa ndani akivuta kamba taratibu. Kila kamba ilipopita, mdomo wa mpira ulijinyanyua ukaruka ukingo wa bati, ukafunga. Nani aliyekulia karibu na gereji asiyeukumbuka mlio ule wa mpira ukijipanga? Ilikuwa kazi nzuri, kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Ikiisha imeisha. Hakukuwa na kitu cha kukauka. Na maji yakipenya, fundi aliminya mastiki ndani ya mfereji, yakakoma. Pale kuziba kulitosha, kwa sababu kushika ilikuwa kazi ya mpira.

Gari likabadilika, maneno yakabaki. Kidogo kidogo, kuanzia Marekani katika miaka ya 1960, viwanda viliacha mpira vikaanza kubandika kioo moja kwa moja kwenye bodi kwa gundi. Leo Toyota, Nissan, Mazda au Subaru ndogo iliyoshushwa bandarini kutoka Japani ina kioo kilichogundishwa. Ule mpira mwembamba unaouona pembeni haushiki kioo hata kidogo. Fundi aliyerithi mkono wa enzi ya kamba anapoutazama huona mpira anaoujua, na mteja aliyerithi masikio ya enzi ile hutarajia nusu saa yake. Hapo ndipo kosa lilipoingilia, na wala halikuingia kwa ubaya wa mtu.

Kwa nini viwanda vihangaike na gundi? Kwa sababu kioo kilipewa kazi mpya. Chenyewe si kipande kimoja. Ni bamba mbili za kioo, kila moja unene wa milimita mbili hivi, na katikati utando wa plastiki usiofika milimita moja. Wazo hilo lilimjia Mfaransa Édouard Bénédictus mwaka 1903, chupa ya maabara ilipoanguka ikapasuka lakini vipande vyake vikabaki vimeshikana kwa ukoko wa dawa uliokuwa umekaukia ndani. Ndiyo maana kioo cha mbele hupata ufa kikabaki kimesimama, wakati kile cha mlangoni humwagika punje punje. Sasa kioo kisichomwagika ni ukuta, na ukuta ukiunganishwa na nyumba huibeba nyumba. Mhandisi anayechora gari la leo hukihesabu kioo hicho pamoja na nguzo na paa, ili gari likipinduka paa lisiporomoke upesi juu ya vichwa.

Halafu kuna eabegi ya abiria. Watu wengi hudhani mfuko ule hutoka kwenye dashibodi ukaja moja kwa moja kifuani. Katika magari mengi hauji hivyo. Hufumuka kwenda juu, ukakipiga kioo, ukakiegemea, ndipo ukamgeukia abiria. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mfuko ukikuta kioo kilichozibwa tu, utakisukuma nje kama mzee alivyokisukuma kwa viganja, nao utakifuata huko huko nje, na abiria aliyekuwa aegemee mfuko ataegemea hewa. Mke wangu alikaa kiti kile kila Jumapili kwa zaidi ya mwaka. Siwezi kuandika jambo hili kwa upole.

Wamarekani waliliona hili mapema kiasi cha kulitungia kanuni. Tangu miaka ya 1970 wana kiwango chao namba 212: gari hugongeshwa ukutani kwa mwendo wa takriban kilomita 48 kwa saa, kisha ukingo wa kioo hupimwa kuona ni sehemu gani bado imeshikwa na bodi. Kwa magari yenye eabegi, angalau nusu ya ukingo wa kila upande lazima iwe haijaachia. Tazama kinachopimwa hapo. Hawaangalii kama kioo kimepasuka, kwa sababu wanajua kitapasuka. Wanaangalia kama kimeshikwa.

Sasa tuje kwenye gundi yenyewe. Ile nyeupe, au wakati mwingine ile isiyo na rangi, inayonuka siki, ni silikoni ya mafundi alumini na mafundi bomba. Kazi yake ni kufunga pengo la sinki na dirisha la nyumba, na huko inafaa sana. Ile siki ni asidi inayotoka wakati inakauka, na asidi ikikutana na chuma kilichochubuka huanzisha kutu. Inayotakiwa kwenye gari ni polyurethani, ile nyeusi, nzito, ambayo mafundi wetu wengi huiita Sika hata kama kampuni ni nyingine. Hiyo haikaushwi na jua kama wengi wanavyodhani. Hukaushwa na unyevu wa hewa, ikianzia nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Ganda la juu hukauka kwa dakika kadhaa, na hilo ndilo linalomdanganya mteja: akiligusa kwa kidole halinati, akaomba ufunguo. Ndani bado ni uji.

Hapo utaona kwa nini hakuna jibu moja la “saa ngapi”. Zipo gundi zilizotengenezwa ziweze kuachia gari baada ya saa moja, zipo zinazotaka nusu siku na zaidi, na maelezo yameandikwa ubavuni mwa tyubu. Hewa ya Dar es Salaam, yenye joto na jasho, inamsaidia fundi. Asubuhi ya Juni huko Njombe au Makambako, kwa gundi ile ile, fundi anapaswa kusubiri zaidi. Anayetoa jibu la nusu saa kwa kila gari, kila gundi na kila mji anazungumza habari za kamba na sabuni.

Na kuna jambo moja la silikoni ambalo lingetosha kumfanya mtu aiogope peke yake. Polyurethani haishiki mahali silikoni ilipopita. Ukishaipaka mara moja, fundi anayekuja baadaye na gundi sahihi anakuta chuma chenye mafuta yasiyoonekana, na gundi yake nzuri inateleza juu yake. Yule mzee alimaliza muda mwingi wa siku yangu ya kwanza kwake akifanya kazi ambayo isingekuwepo: kukwangua, kufuta, kukwangua tena, kusugua kutu mpaka chuma cheupe, kupaka praima, kusubiri ikauke. Kazi ya kubandika ilikuja siku ya pili na ilichukua saa moja hivi. Jirani akiniuliza kwa nini nililipa ufundi wa siku mbili kwa kioo kimoja, namjibu kwamba siku ya kwanza nililipia ubahili wangu.

Gari ambalo halijawahi kuguswa lina bahati kubwa kwenye jambo hili, na watu hawaijui. Gundi ya kiwandani iliyobaki kwenye bodi baada ya kioo kukatwa si uchafu. Fundi mwenye kujua haikwangui mpaka chuma. Anaipunguza kwa kisu kikali ibaki tabaka nyembamba ya milimita moja au mbili, sawasawa kuzunguka kote, na gundi mpya hulala juu yake. Hakuna kitu polyurethani inachokipenda kama polyurethani iliyokatwa sasa hivi. Nimeona vijana wakiikwangua yote kwa patasi mpaka bati ling'ae, wakidhani wanafanya usafi, mteja amesimama pembeni anawasifu. Kila mchubuko wa patasi ile ni mlango wa kutu, na kutu ikishaota chini ya gundi haijalishi gundi ni ya nani, kwa sababu itashika kutu na kutu itaachia chuma.

Sasa niseme habari ya urembo, nikiomba subira ya msomaji, maana hapa ndipo dharau yetu ilipo kubwa kuliko pote. Urembo ni jina tunalouita mpira wa pembeni, plastiki ndefu iliyo chini ya waipa, na zile kava za ndani zinazofunika nguzo za mbele. Jina lenyewe linatupoteza. Tumeliita jambo la uzuri, basi likivunjika tunasema gari bado linatembea.

Plastiki ya chini ya waipa ni mfereji. Hupokea maji yote yanayoteremka kwenye kioo na kuyapeleka pembeni kwenye matundu ya kutokea, mbali na mota ya waipa na mbali na mdomo wa hewa inayoingia ndani ya gari. Inashikwa na klipu, na klipu za gari lililokaa juani miaka kumi zinavunjika kama biskuti ukizing'oa kwa bisibisi. Fundi mwenye haraka hurudisha plastiki ile bila klipu, imekaa kwa uzito wake tu. Mvua ya kwanza inaikuta imenyanyuka kona moja, na maji yanaelekea mahali ambapo hayakupangiwa. Nusu ya yale “matatizo ya umeme” yaliyonisumbua yalianzia hapo, si kwenye gundi. Mzee alinionyesha njia ya maji kwa kumwaga kikombe kimoja juu ya kioo na kukifuata kwa kidole mpaka kilipopotelea ndani.

Mpira wa pembeni nao unalinda gundi isipigwe jua na isijazwe mchanga. Jua ni adui wa polyurethani. Ndiyo maana kioo chenyewe kimepakwa utepe mweusi kuzunguka ukingo wake, ule unaoishia kwa vidoti vidogo vidogo. Wengi hudhani ni pambo. Ni kivuli cha gundi. Ukinunua kioo ambacho utepe huo ni mwembamba kuliko ule wa zamani, umenunua kioo ambacho gundi yake itachomwa na jua la Dodoma miaka yote, na kwa nje huoni chochote.

Kava za nguzo ndizo zinazonitia hofu zaidi. Katika magari yenye eabegi za pembeni, mfuko umekunjwa juu ya milango na kushuka mpaka ndani ya nguzo ile, nyuma ya plastiki ile. Klipu zake zimeundwa kwa makusudi: mfuko ukifumuka, plastiki ijifungue lakini ibaki imefungwa kwa kamba yake fupi, isiruke usoni mwa mtu. Klipu za namna hiyo, katika magari mengi, ni za kutumika mara moja. Nimeona kava ya nguzo imerudishwa kwa gundi ya haraka, ile ya kubandikia viatu. Aliyefanya hivyo alidhani anarudisha pambo.

Najua nitakachojibiwa, na cha kwanza ni hiki: “Mimi nimeendesha miaka mitano na kioo cha silikoni, mbona hakijatoka?” Kweli hakijatoka, kwa sababu hakuna kilichokisukuma. Upepo wa mbele hukikandamiza ndani, uzito wake mwenyewe hukikalisha chini. Kioo kile kitadaiwa kazi yake siku moja tu, na siku hiyo hakuna atakayerudi gereji kudai. Wala askari wa usalama barabarani hawezi kukusaidia hapa. Yeye anaona ufa, na kwa ufa anaweza kukuandikia faini, lakini gundi haioni. Ndiyo maana tunabadilisha kioo kwa hofu ya ufa, tukatoka na gari ambalo mbele ya macho ya serikali limepona, na ndani yake limeugua kuliko lilivyokuja. Kioo chenye ufa kilichoshikwa na gundi ya kiwandani kinaweza kuwa salama zaidi kuliko kioo kipya kinachometa kilichozungushiwa silikoni. Ndiyo maana pia nasema kidoa kikiwa kidogo kuliko sarafu, na hakiko mbele ya macho ya dereva, kizibwe kwa dawa yake maalumu siku ile ile kabla hakijaota miguu. Hapo neno kuziba liko mahali pake. Mimi ningefanya hivyo pale Segera, gundi ya kiwandani isingeguswa mpaka leo.

La pili ni bei, na hili silidharau. Watu wengi wenye magari hawana bima kubwa, wana ile ya kumlipa mwingine tu, na kioo kinatoka mfukoni mwao katikati ya mwezi. Lakini hebu tuangalie pesa inakwenda wapi. Sehemu kubwa ni kioo chenyewe. Gari dogo hula tyubu moja na kitu ya polyurethani, mara nyingine mbili, na tofauti kati yake na silikoni haifiki bei ya kujaza petroli nusu tangi. Praima kidogo, klipu kadhaa. Tunabishana kutwa nzima juu ya kioo, tunapunguziwa, tunafurahi, kisha tunabana senti pale ambapo kushikwa kunanunuliwa. Kama pesa ni ndogo, nasema wazi: chukua kioo cha kampuni ya bei nafuu, mradi kina alama ya ubora kwenye kona na utepe mweusi kamili, na pesa uliyookoa inunue gundi. Kinyume chake, kioo cha Kijapani cha bei mbaya kilichokalishwa juu ya silikoni, ni hasara mara mbili.

La tatu linatoka upande wa pili, kwa wenye uwezo, na hilo linaniudhi kuliko yote: kwamba dawa ni kuwakimbia mafundi wa mtaani. Aliyeharibu gari langu alikuwa na kibanda. Aliyelitengeneza naye alikuwa na kibanda. Mikono ya vijana wetu ni mikono ya ajabu. Nimemwona mmoja akikata kioo kwa waya bila kuchubua rangi mahali popote, kazi ambayo wenye mashine huikosea. Wanachokosa ni mteja anayewaruhusu. Fundi anayesema “acha gari mpaka jioni” anapoteza kazi kwa yule wa jirani anayesema “kaa hapo unywe chai”. Anayesema “klipu hizi zimekufa, agiza nyingine” anaitwa mwizi. Tumewafundisha sisi, kwa pesa zetu, kwamba haraka inalipa na ukweli hauli. Kama mitaala ya ufundi magari ya VETA ingelipa somo la gundi na kioo uzito ule linalopewa somo la injini, ingesaidia, lakini somo hilo litakufa siku ya kwanza mtaani iwapo mteja wa kwanza ataangalia saa.

Na mambo yanazidi kuwa magumu, hayangoji. Subaru zenye macho mawili ya kamera nyuma ya kioo zimeuzwa Japani kwa miaka mingi; Toyota ikafuata mwaka 2015 na mfumo wake. Kenya hairuhusu gari lililotumika kupita miaka minane kuingia, kwa hiyo magari ya namna hiyo yamekwisha jaa Nairobi, na Tanzania yanashuka kila meli. Katika mengi ya magari hayo, kamera inayopima umbali wa lori la mbele imening'inia kwenye kioo. Kioo kikikaa upande kwa nyuzi moja tu, kamera hukosea karibu mita mbili kwa kitu kilichoko mita mia mbele, yaani humwona mtembea kwa miguu wa kando ya barabara akiwa katikati yake, au wa katikati akiwa kando. Kamera hiyo inatakiwa ipangwe upya kwa vipimo baada ya kioo kubadilishwa. Hapo “kioo ni kioo tu” huwa maneno yasiyo na maana yoyote.

Nirudi chini ya mwembe. Siku ya pili mzee alifuta ukingo wa kioo kipya kwa kitambaa safi na dawa, kisha akapaka praima nyeusi kwa brashi, na tangu hapo hakuruhusu mtu aguse ukingo ule kwa mkono. Mjukuu wake aliponyoosha kidole alikemewa kwa jina lake kamili. Akakata ncha ya tyubu kwa umbo la pembe tatu, ili gundi itoke imesimama kama tuta la viazi badala ya kulala. Akaizungusha kwenye bodi bila kusimama, pembe hadi pembe, akirudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayepiga deki. Alipofika alipoanzia, aliunganisha ncha mbili kwa kijiti zisiache pengo. Wakakibeba kioo watu wawili, wakakilaza mara moja. Akakishika kwa utepe wa karatasi. Akateremsha kioo cha mlangoni vidole viwili, akaniambia mlango ukifungwa kwa kishindo hewa ya ndani husukuma kioo kibichi kitoke.

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Nikaomba ufunguo. Mzee akautia mfukoni mwa koti lake, akavuta kiti, akaagiza chai ya watu wawili. Nilipewa ufunguo saa kumi jioni, pamoja na maagizo ya kutoosha gari siku mbili na kutoipitia njia ya mashimo ile niliyozoea. Kava za nguzo hakuzirudisha. Alizifunga kwenye gazeti akaziweka kiti cha nyuma, akasema hazirudi mpaka klipu zake zije.

Zilikuja baada ya wiki mbili. Alizifunga moja moja, akisikiliza kila mlio. Alipomaliza hakushuka. Alisogea kwenye kiti cha abiria, akaweka viganja vyake kwenye kona ile ile ya juu, akasukuma. Safari hii mabega yake yalipanda, mishipa ya shingo ikatoka, na kioo hakikusogea.